Bursi, Ufadhili, Fungu

Katika jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Kalemie hadi Kiambi kwenye mto Luvua, kijana wa sayansi akipata fedha za kwenda kufanya utafiti nje, ni nadra kusikia kwamba amefadhiliwa. Amepata bursi, anakwenda Bulaya. Wenye kamusi za sanifu wanaweza kuikataa bursi kwa kuwa imeletwa na Kifaransa. Mimi naipenda. Ukiifuata hadi Kilatini utakuta mfuko wa ngozi, basi, na mfuko haumhukumu anayeufungua. Tanzania nayo ilifikia taswira hiyo bila kumwazima Mfaransa: fedha za utafiti zinazosimamiwa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, zinatoka MTUSATE, yaani Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia.

Neno linalonisumbua ni ufadhili. Limetawala matangazo ya vyuo, barua za balozi na habari za redio, nasi tumelizoea mno hata hatulisikilizi. Ndani yake kuna fadhila, wema wa mtu asiyewajibika kuutenda. Anayetoa ni mfadhili. Anayepokea ni mfadhiliwa, na hiyo -wa ya mwisho imeshamweka mahali pake: hatendi, anatendewa. Fadhila pia hukumbushwa. Atakayeleta matokeo yasiyompendeza mtoaji asishangae kuambiwa kwamba fadhila ya punda ni mateke. Mtafiti aliyeanza kazi yake kama mdaiwa wa shukrani atawezaje kuandika kwamba dhana ya aliyemlipia haikuthibitika?

Tazama tunavyolitumia neno hilo kwa watu na kuliacha kwa vitu. Kusini-magharibi mwa Kalemie iko Manono, penye miamba yenye lithiamu inayozungumzwa dunia nzima. Sampuli za miamba hiyo zimesafirishwa hadi maabara za Australia kupimwa. Safari ya jiwe inaandikwa kwenye hesabu kuwa gharama ya uchunguzi, na hakuna anayesema jiwe limefadhiliwa. Mwanafunzi wa jiolojia wa Kiambi akitaka kuingia katika maabara kama hiyo ajue jiwe la kwao lina nini, safari yake inageuka fadhila. Jiwe na mwanafunzi wanakwenda kwa shughuli moja.

Jambo hili lina umri. Kati ya 1911 na 1913 daktari Mbelgiji, Louis Stappers, alichunguza maziwa Tanganyika na Mweru, na Luvua hutoka Mweru. Samaki aliowakusanya walivuka bahari. Boulenger, mtaalamu wa samaki wa London, akawapa majina ya kisayansi. Mgebuka, anayeliwa Kigoma na Kalemie kila siku, mpaka leo vitabuni ni Lates stappersii. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji chini ya Eugène Leloup ulilipima Tanganyika upya, na Max Poll akaandika juu ya samaki wake majuzuu mazito. Sampuli za misafara kama hiyo zimehifadhiwa Ubelgiji. Kwa hiyo mtaalamu wa samaki aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa hulazimika kwenda Brussels au Tervuren ili amlinganishe samaki wake na yule wa kwanza aliyepewa jina. Kwake safari hiyo ni kifaa cha kazi, sawa na darubini.

Na hiyo “nje” yenyewe si lazima iwe Bulaya. Kwa mtu wa Kalemie, ng'ambo ni Tanzania, upande wa pili wa maji. Kuanzia 1998, mradi wa Nyanza ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona uliwakutanisha Kigoma wanafunzi wa Marekani na wenzao wa nchi zinazolizunguka ziwa, wakachimba tope la chini ya maji na kusoma historia ya hali ya hewa. Fedha nyingi zilitoka serikali ya Marekani, kwa hesabu kwamba mwanasayansi hajakamilika mpaka ashike kazi kwa mikono yake mahali palipo na swali. Mmarekani aliyekuja Kigoma alikuwa na bajeti ya utafiti. Sisi kwa nini mwenzake wa Kongo tumwite mfadhiliwa, ilhali wote wawili walizama katika tope lile lile?

Ruzuku ingefaa zaidi. Ina ukoo mmoja na riziki, na wakulima wanaijua kwa mbolea ya ruzuku: inapunguza bei ya kitu kinachohitajika. Lakini chaguo langu ni fungu. Wizara ya fedha ya Tanzania inalitumia tayari; elimu, sayansi na teknolojia ni Fungu 46. Sokoni nalo lipo, fungu la dagaa lililopangwa juu ya meza, mnunuzi akaona lina nini kabla ya kutoa senti. Fungu la utafiti lisomeke hivyo hivyo, wazi, tofauti na ada, tofauti na nauli, tofauti na posho ya kula. Maneno hayo manne yakichanganywa ndani ya ufadhili mmoja, ndipo mwanafunzi anapofika ugenini akiwa na tiketi na chumba, lakini hana fedha ya kupimisha hata sampuli moja.

Basi fomu ziandikwe: fungu la utafiti, na chini yake kibali cha kuchukua sampuli, mafuta ya mashine ya boti, chupa, barafu, malipo ya maabara. Aliyelitoa aitwe mtoaji wa fungu, au mshirika kama kweli anashiriki kazi. Na mwanafunzi aitwe mtafiti tangu siku ya kutia saini.