Swali la Tisa

Tunapozungumza juu ya vita, tumezoea kuwahesabu waliouawa na adui. Historia ya jeshi la Marekani yatufundisha kuwahesabu na wengine: askari waliojiua wenyewe katika miaka ya vita vya Iraki na Afganistani. Zamani kujiua kulikuwa haba jeshini kuliko uraiani, kwa maana askari huchaguliwa miongoni mwa wenye afya njema. Mwaka 2008 kiwango cha jeshi la nchi kavu kikakipita kile cha raia wanaofanana nao kwa umri na jinsia.

Wengi wao hawakwenda kwa mganga wa magonjwa ya akili. Waliona haya, au waliogopa kuharibu kazi yao. Lakini kwenye zahanati ya kambi walifika, wakilalamikia mgongo, kichwa au kukosa usingizi. Ndipo mwaka 2005, huko Fort Bragg, lilipoanza jaribio: kila askari afikaye, hata kwa maumivu madogo, aulizwe kwanza maswali machache juu ya huzuni na majeraha ya moyo. Aliyeonyesha dalili za huzuni alipewa karatasi ya maswali tisa, iliyotangazwa 2001. Swali la tisa huuliza wazi kama katika majuma mawili yaliyopita amewaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Kuanzia 2007 utaratibu huo ulienezwa katika kambi nyingine.

Wapo waliohofu kwamba kuuliza kungepanda wazo. Uchunguzi umeonyesha kwamba sivyo. Udhaifu ulikuwa kwingine: askari aweza kujibu «hapana» huku moyo wake ukiungua, na karatasi iliyojazwa haimwokoi mtu isipofuatwa. Kwa hiyo waliwekwa wauguzi wa kumpigia askari simu, kujua kama anaendelea na matibabu, na kumpasha mganga habari.

Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara ngapi mgonjwa ameficha kwa sababu hakuna aliyemwuliza? Mwenzetu akijitenga na kukata tamaa, tumwulize kwa maneno wazi kama anawaza kufa. Akikubali, tusimwahidi siri wala tusimwache peke yake. Tumsindikize kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kesho yake turudi kumwuliza tena.