Mnyororo wa Punda na Gari la Chama

Mgeni afikaye Bagamoyo huonyeshwa mbuyu uliopandwa na mapadre wa misheni ya Roho Mtakatifu mwaka 1868. Ndani ya shina lake mmenasa kipande cha mnyororo. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliufunga hapo mwaka 1895 kwa ajili ya punda wake, kisha akausahau, na mti ukazidi kunenepa hata ukaumeza. Mji huu, basi, umehifadhi hata mnyororo wa punda. Chombo kilichokuja kumpokea punda kazi yake, yaani motokaa, haukukihifadhi.

Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, tangu Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo yenyewe, si shida kumsikia mtu mzima akiijutia Land Rover au Peugeot 404 ya marehemu baba yake, iliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu wakati yeye angeweza kuirithi. Majuto ya namna hiyo huchukuliwa kuwa ni mambo ya nyumbani, na pengine huchekwa. Lakini yamo pia majuto ambayo hayana budi kuwa ya umma, na mfano wake mkubwa ni gari moja.

Motokaa ilianza kuonekana pwani hii ikiwa ni kitu cha mgeni. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, akafika Swakopmund, upande wa pili wa bara, tarehe 1 Mei 1909. Gari la mwenyeji ni habari ya baadaye, na Land Rover ina sehemu kubwa katika habari hiyo. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na kwa kuwa Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Jambo hilo lililotokana na dhiki liliifaa sana pwani: hewa ya chumvi huila chesisi, lakini bodi hubaki.

Land Rover ndiyo aliyoitoa Dossa Aziz kwa TANU. Dossa alikuwa mmoja wa watu 17 walioasisi chama hicho tarehe 7 Julai 1954, naye alikuwa mtoto wa Aziz Ali, mwenye mali aliyeacha jina lake hadi leo Mtoni kwa Azizi Ali. Habari ya gari hilo imeelezwa na Mohamed Said katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka mwaka 1998. Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Chama hakikuwa na fedha, na nchi ni pana. Hapana haja ya kutia chumvi ili kuona uzito wa kitendo cha kijana aliyetoa gari katika siku ambazo Waafrika wenye magari walikuwa wa kuhesabika. Dossa alimalizia siku zake Mlandizi, mkoa huo huo wa Pwani, akiishi maisha ya kawaida.

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, watu huenda kuitazama Rolls-Royce iliyomchukua gavana wa Kiingereza na baadaye Rais Nyerere. Ni gari zuri, na kuwekwa kwake ni haki. Hata hivyo, Rolls-Royce ilikuja na dola. Land Rover ilitangulia, wakati dola ilikuwa bado inadaiwa.

Itakuwa si insafu kuwalaumu watu wa pwani kwa uzembe. Magari yao hayakutelekezwa. Yalitumiwa hadi tone la mwisho. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa kama dhahabu. Mafuta nayo yalikuwa haba, hata magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Katika hali hiyo fundi makanika aliligeuza gari moja kuwa uhai wa mengine matatu. Gia boksi ilikwenda huku, kabureta kule. Kilichokataa kabisa kuwa gari kilikuwa kitu kingine: springi ilifuliwa visu na mapanga, tairi ikakatwa katambuga, mpira wa ndani ukafungia mizigo, na alumini ikayeyushwa ikawa sufuria. Pengine ziko nyumba ambamo wali hupikwa leo katika mlango wa Land Rover, na hapana ajuaye.

Fursa yenyewe ilipita baadaye, na ilipita kimya. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, na magari yaliyokwisha tumika Japani yalipomiminika katika miaka ya 1990, lile la zamani lilishuka thamani kwa ghafla. Wakati huo ndipo lingepatikana kwa bei ndogo. Aliyelitaka alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu peke yake. Ulaya, gari la aina ile ile lilikuwa tayari lina wapenzi wake, wenye vilabu na mafundi wa kulifufua.

Mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe miongoni mwa maeneo inayoyapendekeza kuwa urithi wa dunia, na Bagamoyo ni mlango wa njia hiyo. Anachoonyeshwa mgeni hapo, kuanzia Ngome Kongwe hadi Boma la Wajerumani, karibu chote ni cha kabla ya 1914, kana kwamba mji ulilala Wajerumani walipoondoka. Lakini huu ndio mji wa Sheikh Muhammad Ramiya, ambaye yeye na wafuasi wake wa Kadiria walikuwa nguzo ya TANU. Karne hiyo ya pili haina hata usukani wa kuonyesha. Inazo picha zilizomo masandukuni, kadi za magari, na masimulizi ya mafundi waliojifunza kazi miaka ya 1970, ambao sasa umri wao ni miaka sabini na zaidi.