Blanketi la Kibo



Mkazi wa Moshi ana mazoea ambayo hakufundishwa na mtu. Akitoka nje asubuhi hutupa jicho upande wa kaskazini, aone kama kilele cha Kibo kimejifunua. Siku kikionekana, watu hukizungumzia kama wanavyomzungumzia mgeni aliyefika. Na siku hizi maneno ni yale yale: weupe umepungua. Mzee atakuonyesha kwa kidole mahali barafu ilipokuwa ikifika enzi za ujana wake, na mjukuu wake akitazama hapo ataona mwamba mtupu.

Habari ya kupungua kwa barafu hiyo tumeisikia mara nyingi. Leo nataka tuzungumze juu ya dawa yake moja, dawa inayofanana na zile hadithi za kubuni kuhusu miaka ijayo, lakini iliyopendekezwa na mtaalamu mwenye akili zake timamu. Nayo ni kuuvika mlima blanketi.

Tuanze mwanzo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akamwuliza kiongozi wake wa njia ni kitu gani kile. Yule bwana hakuwa na jina lake, akajibu tu kwamba ni baridi. Rebmann alipoandika habari hizo, wakubwa wa jiografia huko London walimbeza. William Cooley, aliyejihesabu mjuzi wa Afrika bila kukanyaga ndani ya bara lenyewe, alishikilia kwamba theluji karibu na Ikweta ni njozi. Ilibidi Baron von der Decken aje kupima mwaka 1861, na apande tena mwaka 1862, ndipo ubishi ukaanza kupoa. Wachagga waliokuwa wakiishi chini ya kitu hicho hawakuwa na ubishi wowote. Hakuna aliyewauliza.

Oktoba 1889 Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer aliporudi mwaka 1898, miaka tisa tu baadaye, alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Hebu liwekeni akilini jambo hilo. Wakati huo hata reli ya kutoka Tanga ilikuwa haijafika Moshi, maana ilifika mwaka 1911. Ramani iliyochorwa mwaka 1912 ilionyesha barafu yenye eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimebaki kama 2.5. Vipimo vya picha za setilaiti za mwaka 2021 vilionyesha takriban kilomita moja ya mraba.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 ndipo alipopanda Mmarekani Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, pamoja na wenzake. Walitoboa barafu mahali sita hadi kugusa mwamba, wakatoa nguzo nyembamba za barafu, wakazisafirisha zikiwa zimeganda mpaka Ohio na kuzitia katika majokofu. Walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 11,000. Mwaka 2002 walitangaza kwamba mwendo ukiwa ule ule, barafu ya Kibo ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa imesinyaa. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilisema barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo mwaka 2050.

Tangazo lile la mwaka 2002 liliushtua ulimwengu, na mwaka 2003 likazaa rai ya blanketi. Mwenye rai alikuwa Euan Nisbet, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha London. Alisema hivi: barafu ya Kibo haipungui sana kwa juu, kwa sababu sehemu ya juu ni nyeupe na hurudisha mwanga wa jua. Inaliwa pembeni. Pembeni barafu imesimama wima kama ukuta wa ghorofa, na jua linaupiga ukuta huo moja kwa moja. Basi na yatundikwe mashuka meupe ya plastiki kwenye kuta hizo, jua lipige shuka badala ya barafu. Wakati huo huo miti ipandwe chini mlimani ili unyevu urudi, na baada ya miaka kadhaa mashuka yatolewe.

Je, yawezekana? Ndiyo. Uswisi wanafanya. Kwenye barafu ya Rhône, kila kiangazi, watu hutandika vitambaa vyeupe vinene ili kulinda pango lililochongwa ndani ya barafu, ambalo watalii hulipa kiingilio kulitembelea. Vitambaa hivyo kweli hupunguza kuyeyuka. Kwa hiyo hatuzungumzii uchawi wala ruya. Tunazungumzia kitambaa, kamba na misumari.

Sasa na tupige hesabu, maana ndoto nyingi hufia kwenye hesabu. Tuchukue kilomita moja ya mraba ya barafu, ambayo ni mita za mraba milioni moja. Tuseme kila mita ya kitambaa ina uzito wa nusu kilo tu. Jumla ni tani 500. Mpagazi wa Kilimanjaro haruhusiwi kubeba mzigo wa wageni unaozidi kilo 20. Gawanya, utapata mizigo 25,000, ipandishwe hadi karibu mita 5,800, mahali ambapo mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu huinuka akihema. Mtaniambia Nisbet alitaka kuta tu, si barafu yote. Sawa, punguzeni hata mizigo ibaki elfu chache. Bado kuna upepo wa kule juu unaochana mahema, bado kuna jua linalokausha plastiki hadi ikatike, na bado kuna kurudi kushona, kukaza na kubadilisha. Blanketi hilo halivikwi mara moja likaisha. Ni kodi ya kila mwaka.

Waswisi wenyewe, matajiri kama tunavyowajua, wamekwisha kupiga hesabu hiyo. Utafiti uliotolewa huko mwaka 2021 ulikuta kwamba sehemu zote walizozifunika nchini mwao zilikuwa robo ya kilomita ya mraba hazifiki. Kuokoa mita moja ya ujazo ya barafu kuligharimu kati ya senti 60 na faranga karibu 8 kwa mwaka. Kufunika barafu zote za Uswisi kungekula zaidi ya faranga bilioni moja kila mwaka. Wakahitimisha kwamba inafaa mahali palipo na mlango na kiingilio, lakini haiwezi kuokoa milima.

Historia ya ufundi imejaa mambo ya namna hii. Ndege ya Concorde ilianza kubeba abiria mwaka 1976, ikipita mwendo wa sauti mara mbili. Mwaka 2003 ikaegeshwa. Haikuegeshwa kwa sababu wahandisi walisahau namna ya kuirusha. Iliegeshwa kwa sababu waliomudu tiketi yake walikuwa wachache mno. Mwanafunzi akisoma habari za uvumbuzi huuliza kama kitu kinawezekana. Mwenye duka huuliza nani atalipa na atapata nini. Katika mambo haya mwenye duka ndiye huwa na neno la mwisho.

Basi nasi tuulize swali la mwenye duka. Tukiuvika mlima blanketi, tutapata nini?

Wengi tutajibu haraka: maji. Tumezoea kuamini kwamba barafu ya Kibo ndiyo inayojaza mito ya Kilimanjaro, na kwamba siku itakapokwisha mito nayo itakauka. Hapa ndugu zangu ndipo tulipopotea. Kileleni hali ya hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri. Barafu nyingi kule haigeuki maji ikatiririka. Hugeuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na upepo. Aidha, mvua na theluji inayoangukia kilele haifiki milimita 200 kwa mwaka, wakati msitu wa upande wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,000. Watafiti wamekadiria kwamba zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yanayotoka Kilimanjaro yanaanzia kwenye ukanda wa msitu. Chemchemi za Nsere na Shiri, ambazo watu wa mji wa Moshi wanakunywa, ni za mlima wa miti kabla ya kuwa za mlima wa barafu.

Kwa hiyo Kilimanjaro ina blanketi tayari, na ni la kijani. Msitu wa juu hunasa hata ukungu. Miti yake imefunikwa na mimea midogo inayoning'inia kama ndevu, na ukungu ukipita hugeuka matone yanayodondoka ardhini. Mwaka 2005 mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, aliandika kwamba tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umeteketeza kilomita za mraba 150 hivi za msitu wa juu. Alikadiria kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo yalilingana na maji ya kunywa ya mwaka mzima ya watu milioni moja wa mlimani. Barafu ilipopungua magazeti ya dunia yalipiga kelele. Msitu ulipoungua, nani alipiga kelele?

Wazee wetu hawakuhitaji setilaiti kulijua hilo. Walichimba mifongo, ile mifereji inayoteka maji kwenye makorongo ya msituni na kuyazungusha kando ya mteremko hadi kwenye vihamba. Penye bonde walipitisha maji juu ya magogo yaliyochongwa. Yalikuwapo mabwawa madogo ya kutunzia maji ya usiku, yaitwayo nduwa. Maji yaligawanywa kwa zamu, na asiyetokea siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini. Wageni wa karne ya 19 walipofika walishangaa kuona uhandisi huo. Tena gharama yake haikuhesabiwa kwa faranga. Ililipwa kwa jembe, kwa mkutano, na kwa mtu kumwonea haya jirani yake.

Lakini nisije nikaonekana nawasifu wazee na kuwasahau walio hai. Blanketi la kijani nalo lina gharama, na wapo wanaoilipa. Serikali ya mkoloni iliufanya msitu kuwa hifadhi mwaka 1921. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili chini ya msitu, ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ikapanuliwa kuukumbatia msitu. Mama wa Kibosho au wa Marangu anayetafuta mzigo wa majani kwa ajili ya ng'ombe wake wa zizini ndiye anayekutana na mpaka huo. Anaambiwa asikate, asiwashe, asipite. Je, nchi imemwambia pia atapata wapi majani na kuni? Ukimnyima mtu bila kumpa njia nyingine, umemfundisha kuingia usiku.

Oktoba 2020 moto ulizuka tena mlimani. Mamia ya watu, askari wa hifadhi, wanafunzi na wananchi wa kawaida, walipanda kuuzima, wengi wao wakiwa na matawi mabichi na majembe. Oktoba 2022 ukazuka mwingine. Hapa ndipo penye hesabu yangu. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2022, na maji ya mlima yanashuka mbali zaidi, hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Mto Pangani. Kwa watu wote hao, njia za kuzuia moto, posho ya walinzi, miche ya majani ya mifugo, majiko yanayokula kuni kidogo na ukarabati wa mifongo ni vitu tunavyovijua na tunavyovimudu. Havihitaji mtu kupanda mita 5,800 akiwa na turubai mgongoni. Kinachokosekana ni kwamba havipigiwi picha.

Simkejeli Nisbet. Yeye mwenyewe alisema shuka ni la muda na kwamba miti ndiyo dawa ya kudumu. Dunia ikasikia shuka, ikasahau miti. Na barafu ya Kibo ikiondoka nitaisikitikia kama mtu mwingine yeyote, maana ni sehemu ya jina letu. Lakini wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umetandikwa pale juu ya vihamba, mchakavu na wenye matundu ya moto. Kesho asubuhi utakapotazama kaskazini, ndugu yangu wa Moshi, usiishie kutazama weupe. Shusha macho kidogo, utazame na kijani kimefika wapi.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutakutana juma lijalo.