Upanga unaowashwa na akili: dawa ya Simba, Albertville 1964



Wanaocheza StarCraft wanawajua Protoss. Ni mchezo wa kompyuta wa mwaka 1998. Askari wa hao Protoss anafunga kifaa kwenye kila mkono, anakaza akili yake, na makali ya mwanga yanatoka. Hakuna baruti pale, hakuna sasi. Nguvu ya silaha ni akili ya mwenye kuibeba.

Wengi wetu tunaona hiyo ni ndoto ya Wazungu wenye muda mwingi. Lakini miaka 34 mbele ya mchezo ule kutoka, hapa hapa kwetu, wakati muji ungali unaitwa Albertville, vijana wa umri wetu waliingia na silaha ya namna ile. Na muji ukaanguka.

Tukumbushane kidogo. Januari 1964 Pierre Mulele alianzisha maasi kule Kwilu, magharibi. Upande wetu wa mashariki kazi ilikuwa ya Gaston Soumialot, aliyekaa kwanza Bujumbura. Uvira ilianguka mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni ikafika zamu ya Albertville, na Jason Sendwe, mkubwa wa Balubakat na rais wa jimbo la Nord-Katanga, akauawa. Simba walikuja na mikuki, mapanga, mishale, wengine na minyororo ya baiskeli, bunduki chache tu. Mbele yao kulikuwa jeshi la taifa, ANC, lenye bunduki za kisasa na magari. Sasa juu ya nini mwenye bunduki alimkimbia mwenye mukuki?

Jibu la wazee munalijua: dawa. Muganga alimchanja kijana, akamupaka dawa, akamunyunyizia maji. Kuanzia pale masasi ya adui yangegeuka maji. Wakienda vitani walilia jina la Mulele na maji, na ndiyo maana hadi leo tunasema Mai-Mai. Mmoja wa waganga wakubwa alikuwa mwanamke, Mama Onema, aliyefanya kazi na jeshi la Olenga upande wa Maniema.

Lakini dawa haikuja peke yake, ilikuja na masharti, na hapa ndipo naomba tusome polepole. Usimuguse mwanamke. Usiibe. Usigeuke nyuma. Usiangalie kando, tembea mbele tu. Na lile kubwa kuliko yote: usiogope. Ukivunja moja, dawa imekufa ndani yako.

Tuyasome masharti hayo sawa vile tungesoma kanuni za kambi ya jeshi. Kijana wa miaka 16 hajafundishwa hata siku moja, halafu ghafla hapori, habaki nyuma, hakimbii, anatembea wima na wenzake mia moja moja kwa moja hadi kwenye bunduki. Ofisa gani wa ANC angeweza kupata hayo kwa askari wake, hata akiwa na mshahara wa kuwalipa? Akili iliyokazwa ilikuwa kweli ndani ya silaha ile. Sisemi hivyo kwa mafumbo.

Nusu nyingine ya nguvu ilikaa ng'ambo ya pili. Askari wa ANC alizaliwa kwenye vijiji sawa na vya Simba. Mama yake alimufunga hirizi mkononi akiwa mtoto. Alipoona watu wanakuja wakiimba, wameshika matawi, hawainami mbele ya masasi, alikuwa tayari anajua wanabeba nini. Wengi walipiga hewani, wakatupa bunduki na kukimbia. Bunduki zile zikaokotwa na Simba, na kila muji ulioanguka ukawa ushuhuda kwa muji uliofuata. Kabla ya Agosti kufika katikati, Stanleyville yenyewe ilikuwa mikononi mwao.

Kwa hiyo upanga wa Simba ulitofautiana na ule wa Protoss kwa jambo moja. Wa kwenye mchezo unamukata yeyote. Wa Albertville ulimukata yule tu aliyeuamini.

Mwisho wa Agosti 1964 Albertville ilirudi mikononi mwa serikali ya Tshombe. Pamoja na ANC walikuja mamluki Wazungu wa Mike Hoare, na juu kulikuwa ndege za T-28, zilizoendeshwa na Wakuba waliomukimbia Castro na kulipwa na CIA. Watu hao hawakujua masharti, hawakujua Mulele, na rubani haoni uso wa anayemupiga. Nusu ya nguvu ya dawa ilizimika siku ile ile. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa imetokea hivyo zamani: Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walitembea kuelekea boma la Mahenge, na bombomu za Wadachi zikawamaliza. Kinjikitile, aliyewapa yale maji, alikuwa amekwisha kunyongwa mwezi ule ule.

Na wale waliokufa? Hapa mimi nakwama kila mara. Dawa ilikuwa na jibu tayari: aliyekufa alivunja sharti. Aliiba, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Ni jibu ambalo haliwezi kushindwa, kwa sababu shahidi mwenyewe ni maiti. Mama wa Nyunzu au wa Kabalo alimupoteza mtoto, halafu akaambiwa mtoto ndiye mwenye kosa. Msiba na aibu kwa siku moja.

Tusiwafanye pia Simba watakatifu. Kindu na Stanleyville waliua makarani, walimu, watumishi wa serikali, watu ambao kosa lao lilikuwa kujua kuandika. Sisi tunaoandika kwenye ukurasa huu tungekuwa kwenye orodha ile.

Hadithi ya mwisho inatoka Bendera, kaskazini ya muji wetu, kwenye mtambo wa mto Kiymbi unaotupatia umeme hapa Kalemie (ukipatikana!). Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafika Kibamba tarehe 24 Aprili. Jina lake la vita lilikuwa Tatu. Moja alikuwa Víctor Dreke, Mwafrika wa Kuba. Walielezwa dawa siku za kwanza kabisa, na Che aliandika wasiwasi wake: siku wafu watakapokuwa wengi, imani hii itawageukia wenyewe. Tarehe 29 Juni Dreke aliongoza Wakuba, Wanyarwanda na Wakongomani kushambulia Bendera. Wakashindwa vibaya. Wakuba wanne walikufa, na daftari la mmoja wao likamwambia adui Kuba iko Kongo.

Baada ya vita wapiganaji walisema dawa ilikuwa mbovu. Muganga akajitetea kwa maelezo yale yale ya siku zote, wanawake na woga. Lakini kule mbele wanawake hawakuwepo, na si kila mutu alikuwa tayari kusimama mbele ya wenzake na kusema: ndiyo, mimi niliogopa. Muganga akawekwa kando, akatafutwa mwingine. Dawa yenyewe haikuwekwa kando.

Leo kwenye vilima vya Tanganyika na Kivu zote mbili kuna vijana wanaochanjwa na kunyunyiziwa maji yale, na masharti ni karibu yale yale. Wengine ni wadogo wa watu tuliosoma nao. Ukikutana na mmoja, usimuulize kama anaamini. Muulize wenzake waliokufa walivunja sharti gani, halafu umwachie nafasi ya kujibu.