Gari kugoma kuwaka kwa vipindi

Gari kugoma kuwaka kwa vipindi ni hitilafu ambayo gari huwaka vizuri leo na kukataa kesho, au hukataa kwa dakika chache kisha likawaka bila kuguswa na fundi. Ni ngumu kuitambua kuliko hitilafu ya kudumu, kwa sababu gari likifika gereji mara nyingi huwa linawaka. Kwa hiyo kumbukumbu za dereva zina thamani sawa na vipimo vya fundi: lilikataa saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au baridi, mvua ilikuwa imenyesha? Na swali linalotangulia yote: je, stata ilizunguka?

Stata isipozunguka

Ufunguo ukigeuzwa kukawa kimya, au ukasikika mlio mmoja tu wa "tak", kasoro hutafutwa kwenye njia ya umeme: betri, vichwa vyake, waya wa ethi unaoiunganisha na bodi na injini, swichi, au stata yenyewe. Katika stata nyingi vipande vya shaba vilivyo ndani ya selenoidi huliwa kidogo kidogo hadi vinaacha kugusana sawasawa. Dereva hugeuza ufunguo mara tano bure, mara ya sita gari linawaka. Kaboni zilizoisha huleta tabia hiyohiyo. Stata ikigongwa taratibu kwa mpini wa nyundo ikazunguka, huo ni ushahidi, si matengenezo. Gari la gia otomatiki linalokataa kwenye P na kuwaka kwenye N hutiliwa shaka swichi ya gia.

Betri hulaumiwa haraka mno. Kabla ya kununua nyingine, ipimwe kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi, na injini ikishawaka isome kati ya 13.8 na 14.5, la sivyo mfumo wa kuchaji unahitaji kukaguliwa. Kama betri inabaki juu ya volti 12 huku ufunguo umegeuzwa na stata iko kimya, betri mpya ni fedha za bure. Ethi nayo husahaulika: ncha moja ya mita huwekwa kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, kisha stata inapigwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya umechoka au kiungo kina kutu.

Stata ikizunguka bila injini kuwaka

Hapa hukosekana mafuta au cheche. Kwenye gari nyingi za petroli za kisasa, pampu husikika ikivuma kidogo tangini swichi inapofunguliwa. Injini inayozima ikiwa ya moto na kuwaka ikishapoa huenda ina sensa ya mzunguko iliyochoka. Kwa dizeli, hewa iliyoingia kwenye mpira wa mafuta ni ya kuangaliwa mapema.

Katika milima ya Uluguru

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake hufupisha maisha ya betri. Udhaifu huo hujitokeza zaidi gari likilala Mgeta kusubiri mboga: asubuhi ya baridi oili ni nzito na betri hutoa nguvu kidogo. Mitikisiko ya barabara hulegeza vichwa vya betri, na masika huingiza unyevu kwenye viungo.

Gari la gia za kawaida linaweza kuwashwa kwa kusukumwa, lakini kuliachia mteremkoni ni hatari. Injini ikiwa imezima, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache na usukani wa pawa huwa mzito. Kwenye kona za mlimani ni afadhali kuweka jiwe chini ya tairi na kusubiri gari lingine la kuazima umeme.