Sindano na Bustani katika Kambi za Shaba: Kolwezi na Ukanda wa Lualaba

Historia ya ukanda wa shaba wa Katanga imezoea kuandikwa kwa tani. Msomaji huelezwa jinsi Union Minière du Haut-Katanga ilivyoundwa mwaka 1906, jinsi reli ilivyofika Elisabethville mwaka 1910, na jinsi mji wa Kolwezi ulivyochipuka mwishoni mwa miaka ya 1930 kandokando ya migodi ya magharibi, Ruwe na Musonoi ikiwa miongoni mwake. Mwanamke huonekana katika masimulizi hayo kama mke wa mfanyakazi, mpokeaji wa posho. Hata hivyo, ndani ya nyumba za kambi na katika viwanja vilivyozizunguka palikuwa na kazi nyingine, ambayo haikupimwa kwa mizani ya kampuni: kushona, kulima bustani, na kuandaa sherehe. Kazi hiyo ilianzishwa kwa sehemu kubwa na wakubwa wa kampuni na wamisionari ili kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja. Ilipofika mwisho wa karne, ilikuwa imewafaa watu zaidi kuliko kampuni yenyewe.

Chanzo chake ni sera ya mwishoni mwa miaka ya 1920, pale Union Minière ilipoona kwamba kuajiri vijana wa mkataba mfupi kutoka mbali, kisha kuwarudisha kwao, kulikuwa hasara. Wakaruhusiwa, na baadaye wakashawishiwa, kuja na wake zao. Kambi ikawa na shule, zahanati na kanisa, na wanawake wakafundishwa kazi za nyumbani: kufuma, kudarizi, kukata nguo, kupika na kulea watoto. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mafunzo hayo yalienea katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi chini ya taasisi zilizoitwa kwa Kifaransa «foyers sociaux», nazo katika vinywa vya watu zikawa foya tu. Nancy Rose Hunt, aliyeichunguza foya ya Usumbura ya miaka ya 1946 hadi 1960, ameonyesha kwamba mafunzo hayakuishia darasani. Wasimamizi wa Kizungu walizitembelea nyumba za wanafunzi wao na kuzikagua. Mshono ulionyooka na kitambaa cha meza kilichopigwa pasi vilichukuliwa kuwa dalili za ustaarabu. Ni vigumu kuamini kwamba wanawake waliokaguliwa hivyo hawakujua walichokuwa wakipimwa.

Lakini ufundi ukishaingia mkononi hauulizi ulitoka wapi. Sindano iliyofundishwa kudarizi kitambaa cha meza ilitumika vilevile kuunganisha mabaki ya vitambaa. Fundi cherehani akatapo gauni, pembe na vipande vinavyosalia havitupwi; hutoka humo nguo ya mtoto mchanga, foronya, kishikio cha sufuria, au kiraka kinachowekwa kwa ustadi hata kikaonekana kuwa pambo. Jambo hili si geni kwa Waswahili. Masimulizi ya pwani kuhusu asili ya kanga husema kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za kuchapwa zilizokuwa bado hazijatenganishwa, wakazikata na kuzishona pamoja hadi zikafanya vazi moja zima. Na katika nchi ya Wakuba, huko Kasai, sketi ndefu za ukili zilizofunikwa kwa viraka vya mapambo zimewashangaza wataalamu wa sanaa kwa muda mrefu. Wako wanaoona kwamba viraka hivyo vilianza kama njia ya kuziba matundu yaliyotokana na kuutwanga ukili ili ulainike. Wafanyakazi wengi wa Katanga walitoka Kasai na Lomami. Si lazima kudai kwamba walibeba mtindo huo hadi kambini. Inatosha kukumbuka kwamba walikotoka, kiraka hakikuwa aibu.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno kikwembe kwa Kiswahili cha pwani ni nguo iliyochakaa, tambara. Katika sehemu nyingi za Kongo ya mashariki neno hilohilo ni vazi la heshima ambalo mwanamke hujifunga kiunoni, la kununuliwa kwa fedha na kutolewa zawadi. Mabadiliko ya namna hii yangestahili kuandikiwa makala peke yake, nayo hayamo katika orodha za maneno zilizotungwa kwa ajili ya mabwana wa migodi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi vijitabu hivyo vilivyojaa amri. Msamiati wa kuamrisha ulichapwa mapema. Ule wa wanawake walioketi barazani wakishona ulibaki midomoni.

Nguo zilidaiwa zaidi na sherehe. Ngoma ya mbeni, ambayo Terence Ranger ameifuatilia kutoka pwani hadi bara katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilichezwa Elisabethville pia, pamoja na vyeo vyake na sare zake za kuigiza jeshi. Na sare lazima ishonwe na mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Kolwezi ikawa chimbuko la Jamaa, mwendo wa kidini ulioanzishwa na Placide Tempels, padri Mfransisko, ambao wafuasi wake, waume kwa wake, walikutana kwa mafundisho na kuzungumzia maisha ya ndoa. Baadaye, katika enzi ya Mobutu, vitambaa vilivyochapwa picha ya rais na alama za chama cha MPR vilivaliwa katika maandamano. Katika matanga na arusi, wanawake wa ukoo mmoja au chama kimoja hupenda kuvaa kitambaa cha aina moja, na gharama yake mara nyingi hutokana na likelemba, yaani mchango wa zamu ambao kila mwezi humfikia mmoja wao. Humo ndimo hesabu, mshono na urafiki huenda pamoja.

Bustani ina historia tofauti kidogo. Kampuni ilimlisha mfanyakazi kwa posho ya unga, na posho hiyo ilikuwa pia hatamu: aliyefukuzwa kazi alipoteza chakula na nyumba siku moja. Ugumu wa bei za wakati wa vita ulikuwa miongoni mwa sababu za mgomo wa Desemba 1941, uliomalizika kwa askari kuwapiga risasi wafanyakazi mjini Elisabethville. Mboga iliyolimwa nyuma ya nyumba ilikuwa kitu kidogo, lakini ilikuwa chakula kisichopitia kwa karani wa posho. Lengalenga, yaani mchicha, na sombe, yaani kisamvu, ndivyo vilivyoteremsha bukari. Katika kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kulima kulihitaji kumwagilia maji kila siku, na ndiyo maana mabonde yenye unyevu yalithaminiwa sana.

Thamani halisi ya bustani hizo ilionekana Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya utaifishaji wa 1967, ilipoanguka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa ikitoa takriban tani 30,000 miaka minane baadaye. Katikati yake mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi na Kolwezi, wakiacha nyumba na mashamba yao. Mishahara ikakosekana kwa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameuita umma huo watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Msemo huo ni wa haki, ila unamwacha mama pembeni. Baba alipoondoka, wanawake ndio waliolima mabondeni, wakauza mboga sokoni, wakashona kwa malipo. Na mamlaka ndani ya nyumba, kama Dibwe mwenyewe anavyoonyesha, yakabadilika mkono.

Sasa bustani ndizo zinazotishiwa. Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya makazi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi, na katika muda mfupi wakazi walichimba mashimo katika nyua zao na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven, waliochapisha matokeo yao mwaka 2018, walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakazi, hasa watoto, na katika vumbi la nyumba. Palipopandwa lengalenga pamekuwa mdomo wa shimo. Katika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni, upanuzi wa mgodi wa jirani umewaondoa watu wengine, na wengi wao wamelalamika kwamba walicholipwa hakitoshi kununua mahali pengine kama pale. Cherehani inaweza kupakiwa juu ya mkokoteni. Udongo uliotiliwa mbolea kwa miaka 30 hubaki nyuma ya ukuta.