Risasi zenye sauti ndogo: Kwa nini baadhi hukwamisha bunduki inayojipakia yenyewe?

Katika jimbo la Otago, kusini mwa New Zealand, wafugaji wa kondoo wamepambana na sungura wa mwituni kwa karibu miaka 150. Wengi huwawinda usiku kwa taa na bunduki ndogo ya kipimo cha .22, na hutafuta risasi isiyopiga kelele. Tatizo ni kwamba risasi ikiwa kimya kupita kiasi, bunduki inayojipakia yenyewe hukwama. Makala hii inaeleza sababu yake, jinsi wafugaji hao wanavyochagua risasi, na hatari wanazopaswa kuziepuka.

Kwa nini sungura?

Sungura waliletwa New Zealand na walowezi katika miaka ya 1830, kwa ajili ya nyama na uwindaji. Hawakukuta wanyama wengi wa kuwala, wakazaliana hadi wakamaliza majani ya malisho. Kufikia mwaka 1876 Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kupambana nao. Mwaka 1997 wafugaji waliingiza nchini, kinyume cha sheria, virusi vinavyoua sungura. Mwaka 2018 mamlaka zenyewe zilisambaza aina nyingine ya virusi hivyo. Kila mara wengi hufa, lakini wanaobaki hujenga kinga na kuzaana tena. Ndiyo maana bunduki bado ina kazi.

Bunduki yenyewe ni ndogo. Risasi ya .22 inayotumika sana leo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Ni ya bei nafuu kuliko risasi kubwa, na bunduki yake haipigi teke begani. Baruti ya kuiwasha haikuwekwa katikati ya kitako cha ganda kama katika risasi kubwa, bali imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda hilo. Pini ya bunduki ikiugonga ukingo, risasi inawaka.

Sheria ya huko inasemaje?

Machi 15, 2019, mtu mmoja alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch na kuua watu 51. Mwezi uliofuata New Zealand ilipiga marufuku bunduki nyingi za nusu otomatiki, yaani zile zinazojipakia risasi nyingine kila mara mtu anapofyatua. Zilizoachwa ni pamoja na bunduki ndogo za .22 za aina tuliyoieleza, mradi magazini yake isizidi risasi 10. Mwenye bunduki lazima awe na leseni, na tangu Juni 2023 kuna daftari la taifa la kuandikisha silaha.

Kwetu mambo ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Tanzania uwindaji unahitaji kibali, na silaha inamilikiwa kwa leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Msikilizaji asichukue maelezo haya kama ruhusa ya kutumia bunduki mahali ambapo sheria inakataza.

Kelele ya bunduki inatoka wapi?

Bunduki hutoa kelele za aina mbili. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi ya baruti inapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Ya pili hutoka kwenye risasi yenyewe ikiwa angani.

Mchungaji anayepiga mjeledi anaijua kelele hii ya pili. Mjeledi ukipigwa vizuri hulia “pa!” bila kugusa kitu chochote, kwa sababu ncha yake imekwenda kasi kuliko sauti. Risasi inayopita kasi ya sauti hufanya vivyo hivyo katika safari yake angani. Mlio huo husikika mbali, na kizuia sauti kinachofungwa kwenye mtutu hakiwezi kuuondoa. Kifaa hicho hupunguza mlipuko wa mdomoni tu.

Kwa hiyo anayetaka utulivu huanza na kasi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Risasi nyingi za kawaida za .22 hutoka kwa kasi ya mita 380 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hutoa mpasuko. Zile zinazouzwa kama za sauti ndogo nyingi huenda mita 315 hadi 325.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: kasi ya sauti hupungua hewa inapopoa. Hewa ikiwa nyuzi sifuri sauti huenda mita 331 kwa sekunde, na ikishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri huenda kama mita 325. Usiku wa baridi kali wa Julai huko Otago, risasi ambayo boksi lake linasema ni ya sauti ndogo inaweza kuwa karibu sana na mpaka huo, na baadhi yake zikatoa mpasuko. Risasi haina kasoro. Hewa ndiyo iliyobadilika. Anayewinda wakati wa baridi hutafuta risasi ya polepole zaidi kidogo.

Mbona basi bunduki inakwama?

Risasi inaposukumwa mbele, ganda lake husukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, nguvu hiyo ya nyuma haina kazi, kwa sababu mpigaji mwenyewe ndiye anayefungua, kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Katika bunduki nyingi za .22 zinazojipakia, nguvu hiyo ndiyo injini. Inasukuma bolti nyuma, ganda linarushwa nje, kisha springi inairudisha bolti mbele ikibeba risasi mpya kutoka kwenye magazini.

Risasi ikiwa dhaifu, bolti hairudi nyuma vya kutosha. Huenda ganda likabanwa likiwa nusu nje nusu ndani. Huenda pia bolti isiifikie risasi inayofuata, nayo ikarudi mbele bila kubeba kitu. Mwindaji akifyatua tena anasikia “tik”, kumbe chemba ni tupu. Sungura aliyejeruhiwa ameshaingia shimoni.

Hapa ndipo penye uamuzi. Utulivu unapatikana kwa kupunguza nguvu, na nguvu hiyohiyo ndiyo inayoendesha bunduki. Huwezi kupunguza moja bila kugusa nyingine.

Aina za risasi na tabia zake

Nguvu inayosukuma bolti hutegemea zaidi vitu viwili: uzito wa kichwa cha risasi na kasi yake. Uzito huo hupimwa kwa greni. Kichwa cha kawaida cha .22 ni greni 40, sawa na gramu 2.6 hivi. Ukizidisha uzito kwa kasi unapata picha nzuri ya nguvu ya msukumo. Tuangalie aina nne.

Ya kwanza ni ya greni 40 yenye kasi ya mita 320 hivi. Hii ndiyo risasi ya sauti ndogo ya kawaida, na viwanda vingi huitengeneza, wakiwemo Eley wa Uingereza na CCI wa Marekani. Msukumo wake ni pungufu ya ule wa risasi ya kawaida kwa kiasi cha sita ya jumla. Bunduki nyingi zinazojipakia, zikiwa safi, huimudu.

Ya pili ni ya greni 40 yenye kasi ya mita 216 hivi, kama CCI Quiet-22. Ni kimya kweli, lakini msukumo wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa kawaida. Inafaa bunduki ya kukoki kwa mkono. Katika inayojipakia, tarajia kutoa kila ganda kwa mkono.

Ya tatu ilitengenezwa kujaribu kuziba pengo hilo. CCI wanayo inayoitwa Quiet-22 Semi-Auto, yenye kichwa kizito zaidi cha greni 45 na kasi ya mita 254 hivi. Uzito ulioongezwa unafidia sehemu ya kasi iliyopunguzwa. Hata hivyo, bolti nzito au springi ngumu bado inaweza kuishinda.

Ya nne ni nzito sana, kama ile ya greni 60 ya Aguila wa Mexico, yenye kasi ya mita 290 hivi. Msukumo wake unazidi hata wa risasi ya kawaida, kwa hiyo bolti haina shida kurudi nyuma. Shida iko mbele. Mitutu mingi ya .22 ina mifuo inayoizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 16. Mzunguko huo ni mdogo kwa risasi ndefu na nzito. Mara nyingi huyumba angani, na kwenye karatasi ya shabaha huacha tundu la mviringo mrefu kama imeingia ubavu. Ukiona tundu la namna hiyo, risasi hiyo haifai bunduki yako, hasa ukiwa na kizuia sauti, kwani inaweza kukigonga kwa ndani.

Jinsi ya kuchagua

Usinunue katoni nzima kwa kuamini maandishi ya boksi. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne, kisha fuata hatua hizi kwenye uwanja halali wa shabaha.

Safisha bunduki kwanza, hasa chemba na njia ya bolti. Risasi za .22 hupakwa nta au mafuta, na baruti yake huacha masizi mengi. Bunduki chafu hukwama hata kwa risasi nzuri.

Piga angalau risasi 50 za kila aina, ukijaza magazini kama unavyoijaza siku zote. Hesabu kila mkwamo. Aina inayokwama mara kwa mara ukiwa uwanjani mchana itakutesa zaidi gizani.

Rudia jaribio kukiwa na baridi. Grisi huganda, bolti inakuwa nzito, na risasi iliyofanya kazi mchana inaweza kukwama usiku.

Angalia shabaha mita 50, kisha mita 75 na 100. Risasi ya polepole hushuka sana. Bunduki iliyorekebishwa kupiga katikati kwa mita 50 huenda ikapiga karibu sentimita 20 chini kwa mita 100. Mwindaji asiyelijua hilo humvunja sungura miguu badala ya kumuua mara moja.

Kumbuka pia kwamba bunduki inayojipakia haiwi kimya kama ya kukoki kwa mkono. Bolti hugonga chuma kwa chuma, na sehemu ya gesi hutokea kwenye tundu la kutolea maganda, karibu na uso wa mpigaji. Ambaye utulivu kwake ni muhimu kuliko wepesi wa kurudia, bunduki ya kukoki ndiyo jibu rahisi.

Hatari tatu za kukumbuka

Kwanza, risasi iliyonasa ndani ya mtutu. Ukifyatua ukasikia “puf” hafifu badala ya mlio wa kawaida, na usione alama kwenye shabaha, simama hapo hapo. Usivute bolti kwa mkono na kufyatua tena. Elekeza mtutu mahali salama, subiri kama nusu dakika, toa magazini, fungua chemba uhakikishe haina kitu, kisha kagua mtutu. Risasi ya pili ikiifuata iliyonasa, mtutu unaweza kupasuka. Hatari hii huwa kubwa kwa aliyezoea mikwamo, kwa sababu mkono wake huvuta bolti kabla hajafikiri.

Pili, risasi ya kimya bado inaua. Risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Tena inajulikana kwa kudunda inapogonga jiwe, maji au ardhi ngumu, na kwenda upande usioutarajia. Kwa kuwa haina mpasuko, mtu aliye mbali hasikii onyo lolote. Wafugaji wenye busara hupiga tu pale ambapo nyuma ya sungura kuna mlima au ukingo wa udongo, na kamwe si kuelekea upeo mtupu.

Tatu, masikio. Bunduki ya .22 isiyo na kizuia sauti inaweza kufikia takriban desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kudhuru. Risasi ya sauti ndogo hupunguza kelele, lakini haiondoi haja ya kuziba masikio unapofanya mazoezi. Usikivu ukipotea kwa namna hii haurudi.

Kwa muhtasari

Kwa bunduki ya .22 inayojipakia, anza na risasi ya greni 40 yenye kasi ya mita 315 hadi 325 kwa sekunde. Ikifanya kazi bila kukwama, baki nayo na ununue toleo lilelile. Ikikwama, safisha bunduki kabla ya kuilaumu risasi. Bado ikikwama, jaribu aina iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki zinazojipakia. Ukitaka kimya zaidi ya hapo, badilisha bunduki, usiendelee kutafuta risasi dhaifu zaidi.